Masikio ya Mageni

Eufrasia alijua kuchoma sindano isiyouma. Hilo si jambo dogo kwenye eneo la machimbo, ambako mwanaume anayeshuka futi mia mbili chini ya ardhi kwa kamba anaweza kuanguka na kuzimia akiona bomba la sindano. Wagonjwa waliofika kituo cha afya cha Buhelela, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Rwamgasa, walichungulia kwanza dirishani kujua zamu ni ya nani. Wakimwona yeye, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya shingo, walikaa kwenye benchi wakatulia. Wakimwona mwingine, baadhi yao walikumbuka ghafla shughuli walizoziacha nyumbani.

Alikuwa mzaliwa wa Biharamulo. Mumewe alifariki kwa ajali ya lori mabinti zao wawili wakiwa bado sekondari, akawalea peke yake hadi wakaolewa, mmoja Kahama, mwingine Bukoba. Kisukuma alijifunza kwa wagonjwa, kwa hiyo kilikuwa Kisukuma cha maumivu tu: aliweza kumuuliza mtu anaumwa wapi na tangu lini, lakini hakuweza kumuuliza mavuno yamekwendaje.

Chuoni walimfundisha mambo matano ambayo muuguzi hana ruhusa ya kuyasahau: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Wenzake walikariri kwa ajili ya mtihani. Eufrasia aliyashika kama mtu anavyoshika sala za utotoni, na kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kumpa mgonjwa hata kidonge cha maumivu bila kuyapitia kimoyomoyo. Ndiyo maana yaliyompata yalimkalia vibaya. Hakuna hata moja kati ya hayo matano alilolikosea.

Mwaka 2016, mvua za masika zikiwa zimeanza, Charles, mratibu wa kifua kikuu wa wilaya, aliteremka kwenye gari akiwa na sanduku la dawa mkononi. Nyuma yake aliteremka mwanaume aliyekonda hadi shati likawa linacheza mabegani, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

"Huyu ni Mageni," Charles alisema. "Ana kifua kikuu sugu. Zile dawa za kawaida zimemshinda. Ametoka hospitali ya mbali alikoanzishiwa matibabu, wiki tatu amelazwa. Sasa atamalizia kwako."

"Shikamoo, sista," Mageni alisema, akageuza uso pembeni ili asimkoholee.

"Marahaba. Karibuni."

Mageni alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwao ni Kishapu, lakini kilimo cha pamba kilipomchosha alikwenda Mwakitolyo kuchimba dhahabu, kisha akafuata fununu za mwamba mpya hadi Geita. Kazi yake ilikuwa kutoboa mwamba ndani ya duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Mkewe, Wema, alikuwa mzaliwa wa Songwa, hukohuko Kishapu, mwanamke mwenye maneno machache, na yule mtoto mgongoni ndiye Blessing, aliyekuwa bado hajatimiza mwaka.

Eufrasia aliwaketisha barazani, penye hewa, akavaa barakoa yake, akazipanga dawa mezani moja moja. Hakuwa muuguzi wa kumkabidhi mtu mfuko na kumwambia kutwa mara moja.

"Hivi vikubwa vitakutapisha," alisema. "Utakunywa ukiwa umekula, na bado vitakutapisha. Hivi vya kapsuli vinaweza kukuletea ndoto mbaya, au moyo ukawa mzito bila sababu. Mama Blessing, ukiona anaongea peke yake au hataki kuamka, njoo uniambie. Hivi vitakuumiza viungo. Na hii sindano, utachomwa kila siku isipokuwa Jumapili, miezi minane. Ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Lakini inaweza kuharibu figo, na inaweza kuharibu masikio."

"Masikio?" Mageni aliuliza.

"Yakianza kulia, au ukiona husikii vizuri, uniambie siku hiyohiyo. Usiniambie wiki ijayo."

"Nitakuambia, sista."

Na kweli alimwambia. Ahadi ile Mageni aliitimiza.

Kila asubuhi saa mbili alikuwa amekwisha kufika. Eufrasia alimwita kwa majina yake yote mawili ingawa alimjua, akaitazama kadi, akasoma jina la dawa kwenye kichupa mara tatu: akiitoa kabatini, akiichanganya na maji ya sindano, na kabla ya kukitupa kichupa. Kilo zake zilikuwa arobaini na saba, hivyo alipimiwa miligramu mia saba na iliyobaki ikamwagwa. Leo kalio la kulia, kesho la kushoto. Kisha vidonge, kimoja kimoja, na Eufrasia amesimama mbele yake hadi amemeza. Akitapika kabla ya nusu saa, wanaanza upya.

Siku nyingine Mageni alikaa barazani nusu saa nzima amefumba macho, akipambana na tumbo lake kama mtu anayemzuia ng'ombe mkaidi. Eufrasia alikaa naye. Mageni alimweleza habari za duara, jinsi mchimbaji anavyoishi kwa masikio kuliko macho. Kule chini tochi inakuonyesha hatua mbili tu, lakini magogo yaliyoegemezwa kuzuia udongo yanalia kabla hayajavunjika, na aliyeko juu anapiga kelele akiona ufa.

"Anayesikia ndiye anayetoka," alisema. "Mimi nimetoka mara mbili kwa sababu hiyo."

Kufikia mwezi wa tatu wa matibabu, kilo zilikuwa zimefika hamsini na moja. Homa ilikata. Makohozi yalipopelekwa maabara yalirudi hayana vijidudu. Eufrasia aliisoma karatasi ile mara mbili, na siku hiyo alitembea wodini akiwa mwepesi, akawatania hata wauguzi vijana.

Wiki iliyofuata, Mageni alikuwa amevuta suruali juu baada ya sindano, akifunga mkanda, aliposema, "Sista, ile uliyoniambia. Masikio yanalia."

"Yanalia vipi?"

"Kama karasha. Kama ile mitambo ya kusagia mawe ukiwa mbali nayo. Mchana nasahau, ila nikilala inakuja."

"Tangu lini?"

"Juzi."

Eufrasia alimjua mtu mwingine aliyewahi kusema maneno kama hayo. Mwaka mmoja na nusu kabla, alikuwa amemtibu Dorah, muuza dagaa, mwanamke mcheshi wa makamo, kwa sindano hiyohiyo. Dorah alipolalamika masikio, Eufrasia aliandika, na wakubwa waliposoma walipunguza sindano zikawa tatu kwa wiki, halafu wakaisimamisha kabisa. Dorah alikufa mwezi wa tisa wa matibabu, amebaki mifupa. Madaktari walisema mapafu yake yalikuwa yamekwisha tangu mwanzo na sindano isingebadilisha kitu. Labda ni kweli. Lakini Eufrasia ndiye aliyemfumba macho, na ndiye aliyekuwa ameandika.

Palikuwa pia na mashine ya kupimia usikivu, moja kwa eneo zima, nayo ilikuwa imeharibika tangu mwaka uliotangulia. Bila mashine, neno la mgonjwa ndilo lililokuwa kipimo pekee, na neno hilo lilimfikia yeye tu.

Aliketi mezani na fomu ya mwezi. Kulikuwa na mstari ulioandikwa: malalamiko ya mgonjwa. Aliutazama kwa muda. Aliona uso wa Dorah, kisha akaona ile karatasi ya maabara. Akaandika: Hana.

Halafu akatoka barazani akamwambia Mageni, "Vumilia. Mara nyingi hutulia yenyewe. Muhimu kwanza upone."

"Sawa, sista," Mageni alisema. Hakuwa na shaka yoyote usoni.

Mwezi wa nne alisema tena, na Eufrasia akamjibu vilevile. Mwezi wa tano hakusema. Eufrasia alishukuru kwamba hakusema, na hakumuuliza. Alianza kufanya haraka asubuhi zile. Alimchoma, akamsimamia ameze, akaenda wodini. Mageni naye alipunguza maongezi. Alipoongea aliongea kwa sauti ya juu kidogo, na Eufrasia alijiambia kwamba ni nguvu zinarudi.

Katikati ya mwezi wa sita, Wema alikuja peke yake, mchana, saa ambayo haikuwa ya dawa. Alisimama mlangoni akiwa amemshika Blessing mkono.

"Sista, baba Blessing hanisikii."

"Kwa vipi?"

"Nikiwa mbele yake ananijibu. Nikiwa nyuma yake ni kama sipo. Jana mtoto ameungua na uji, amelia, yeye yuko hatua tatu, amempa mgongo, anatengeneza kiatu. Hakugeuka. Nilidhani amekasirika. Nikamfuata nikamgusa bega, akashtuka." Alimvuta mtoto karibu naye. "Anasoma midomo yetu. Sijui tangu lini."

Kesho yake asubuhi Eufrasia hakuchukua kichupa kabatini. Alimketisha Mageni barazani akitazama barabara, akasimama nyuma yake, akamwita jina. Akaita tena kwa sauti. Wagonjwa wote kwenye benchi waligeuka. Alipiga makofi karibu na kisogo chake. Mageni aliendelea kutazama barabara, ambako mtu alikuwa akipita na baiskeli iliyobeba mkaa.

Siku hiyo aliandika, na akampigia Charles simu. Sindano ilisimamishwa. Mageni alipelekwa Mwanza kupimwa, akarudi na karatasi iliyokuwa na mistari miwili iliyoteremka kama mtelemko wa korongo. Daktari wa masikio alieleza kwamba ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, na dawa ile ikishaviua havioti tena. Kilichopotea kimepotea. Vifaa vya kusaidia usikivu vilitajwa, jina lake likaandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri, na habari za orodha ile hazikusikika tena.

Charles aliipitia kadi pale kituoni, fomu kwa fomu.

"Hana malalamiko, hana malalamiko, hana malalamiko," alisoma taratibu. "Halafu ghafla hivi. Ajabu."

Eufrasia alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Hakusema kitu. Hiyo ikawa mara ya pili ya kunyamaza, na kwake ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na huruma ndani yake, na hii ilikuwa woga mtupu.

Mageni aliendelea na vidonge hadi mwisho wa mwaka uliofuata. Alipona. Makohozi yake yalipimwa mara nyingi yasionyeshe kitu, akaandikiwa barua ya kuthibitisha uponyaji, akapigwa picha ameishika. Kwa kitabu cha wilaya, Mageni alikuwa ushindi.

Alijaribu kurudi duarani. Wenzake walimpokea vizuri, wakamnunulia soda, lakini kiongozi wa kundi lao, mzee wa Kikurya aliyeitwa Mwita, alimchukua kando akamwonyesha kwa ishara: akagusa sikio, akaonyesha chini, akatikisa kichwa. Mageni hakubisha. Yeye mwenyewe asingemkubali kiziwi kwenye kundi lake.

Eufrasia aliyapata hayo kwa Wema, aliyekuja kumleta mtoto kliniki. Usiku wa kuamkia Jumapili hakulala vizuri, na baada ya misa hakurudi nyumbani. Alikwenda hadi kwenye chumba walichopanga Mageni na Wema, akiwa na daftari jipya la kurasa arobaini na kalamu. Alimkuta Mageni nje amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimenya mihogo. Wema alimletea kigoda.

Mageni alisoma hadi darasa la saba, hivyo alijua kusoma, ila taratibu. Eufrasia aliandika kwa herufi kubwa:

"Uliponiambia masikio yanalia, sikuandika. Ningeandika, wangepunguza sindano. Labda ungesikia mpaka leo. Niliogopa ungekufa kama mgonjwa wangu mwingine. Nisamehe."

Akampa. Mageni alisoma kidole kikiwa chini ya kila neno. Alifika mwisho akarudi mwanzo. Wema alisogea akasoma juu ya bega lake.

"Ulijua," Mageni alisema.

Alisema kwa sauti kubwa mno, kama viziwi wanavyosema, na majirani waliokuwa wakichota maji bombani wakageuka.

Eufrasia aliitikia kwa kichwa.

"Mimi nilidhani ni mimi," aliendelea kwa sauti ileile. "Mwezi wa tano sikukuambia tena. Nikafikiri ninakusumbua. Nikafikiri sista ameshasema yatatulia, mimi ndiye sijavumilia vya kutosha."

Eufrasia alichukua tena daftari na kalamu. Wema alilichukua daftari mkononi mwake, akalifunga, akasema kwa upole, "Nenda nyumbani sasa, sista." Hakumsindikiza.

Jumatatu Eufrasia aliandika barua kwa wakubwa wake akaeleza yote, akaweka tarehe na sahihi. Charles alikuja nayo wiki mbili baadaye, imekunjwa mfukoni.

"Dada, hii umeiandika kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

"Mgonjwa amepona. Hakuna aliyelalamika. Na hizi sindano tunaambiwa zinaondolewa, zinakuja dawa za vidonge tu. Ukipeleka hii, utafukuzwa, kituo kitabaki na wauguzi wawili. Nani atafaidika?"

"Ipeleke."

Charles aliipeleka, au alisema ameipeleka. Mwezi ulipita, kisha mwaka. Hakuitwa, hakuonywa, hakuulizwa. Eufrasia alikuwa amejiandaa kwa adhabu kama mtu anavyojiandaa kwa baridi, na adhabu haikuja, akabaki na nguo nzito zilizomwelemea.

Alibadilika. Wauguzi vijana walioletwa kwake walimwona mkali kupita kiasi. Noela, aliyetoka chuo akiwa hodari na mwenye haraka, aliandika siku moja kwenye fomu ya mgonjwa wa presha kwamba hana malalamiko. Eufrasia aliichukua fomu.

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza kama dawa zinampa shida, akasema hapana."

"Ulimuuliza kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Yule mama anajua Kiswahili cha kusalimia. Ukimuuliza jambo refu atakujibu unachotaka, kwa adabu. Rudi naye. Muulize kama anakohoa usiku. Muulize kama akisimama anaona giza. Kitu kimoja kimoja, kwa Kisukuma, na umtazame miguu kama imevimba."

Noela alirudi. Mama yule alikuwa akikohoa kikohozi kikavu kwa miezi miwili, na alikuwa amenunua dawa tatu za kikohozi dukani bila kujua kwamba kikohozi kinatoka kwenye kidonge chake cha presha. Dawa ikabadilishwa. Noela alifurahi, akatarajia kupongezwa. Eufrasia alisaini fomu akaendelea na kazi.

Kuhusu Mageni, alipata kazi kwenye makarasha. Pale mawe yanasagwa kuwa unga kutwa nzima, na hakuna anayesikia kitu, mwenye masikio wala asiye nayo. Watu huongea kwa mikono. Pengine ndiyo sehemu pekee machimboni ambako hakuwa na upungufu. Lakini mapafu yaliyokwisha kuliwa mara moja yaliingizwa tena kwenye vumbi, kitambaa kikiwa ndiyo kinga, na kila aliyejua ugonjwa wa kifua aliweza kuhesabu kitakachofuata.

Alirudi kituoni mwaka 2022. Zaidi ya miaka minne ilikuwa imepita bila kuonana na Eufrasia uso kwa uso. Alikuja ameegemea bega la Wema, akipumzika kila baada ya hatua kumi. Makohozi yalipimwa, hayakuwa na kifua kikuu. Picha ya kifua ilionyesha ni vumbi la mawe, limeganda mapafuni na kuyafanya magumu. Kwa vumbi hilo hakuna dawa ya kuponya. Zipo za kumpunguzia mtu taabu tu.

Eufrasia angeweza kumwachia Noela. Alichukua zamu mwenyewe. Siku ya kwanza alimletea kidude cha kuvuta cha kupanua njia ya hewa, akamkabidhi mkononi. Mageni hakukivuta. Alikitazama, akamtazama yeye, akasema kwa sauti iliyojaa wodi nzima:

"Hii inaharibu nini?"

Wema aliinamisha kichwa, kisha akafungua mfuko wake wa nguo akatoa daftari. Lilikuwa lilelile la kurasa arobaini, ukurasa mmoja tu ukiwa umeandikwa.

Eufrasia alikaa ukingoni mwa kitanda akaandika: inapanua njia ya hewa. Mikono itatetemeka. Moyo utakwenda mbio kwa muda. Utajisikia hofu. Haiharibu masikio. Mageni alisoma kidole kikiwa chini ya maneno, akavuta.

Ikawa hivyo kwa kila dawa. Hakumeza chochote, hata kidonge cha homa, hadi kimeandikwa kinafanya nini na kinaharibu nini. Mara nyingine alimrudishia daftari akagusa neno ambalo hakulielewa, na Eufrasia akaandika upya kwa maneno mepesi. Akitetemeka mikono kweli, alimwonyesha, na Eufrasia aliandika kwenye kadi mbele yake, akamgeuzia aone. Hawakuongea mambo mengine. Eufrasia aliwahi kujaribu kuandika swali kuhusu Blessing, anasoma darasa la ngapi. Mageni alilisoma, akafungua ukurasa mwingine bila kujibu.

Aliruhusiwa, akarudi, akaruhusiwa tena. Kufikia mwanzo wa 2023 hakuweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi mara mbili, na alilala ameketi. Daktari wa hospitali ya mkoa aliagiza apewe mofini ya maji, kidogo kidogo, ya kutuliza ile hali ya mtu kukosa hewa akiwa macho. Eufrasia alipelekewa chupa na barua, akaenda nayo nyumbani kwa Mageni.

Aliandika kurasa mbili siku hiyo. Itapunguza hisia ya kuzama. Itakupa usingizi, hasa siku za mwanzo. Utapata kichefuchefu. Choo kitakuwa kigumu, kwa hiyo kuna dawa nyingine ya kulainisha, utakunywa zote mbili. Mililita mbili na nusu kila saa nne, kwa bomba hili lisilo na sindano, usikadirie kwa kijiko. Ukizidisha, pumzi hupungua, na mtu anaweza asiamke. Alisita kwenye mstari huo wa mwisho, akauacha ulivyo.

Mageni alisoma. Alipofika mwisho alitazama nje, ambako Wema alikuwa akianika nguo.

"Ungeweza kutokuandika hii," alisema. Kwa kukosa pumzi, sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ndogo, kama ya zamani.

Eufrasia aliandika: "Ningeweza."

Mageni alifungua mdomo. Eufrasia alimpa mililita mbili na nusu, akamwonyesha Wema mstari kwenye bomba, akamfanya Wema apime maji mara tatu mbele yake hadi mkono ukazoea.

Mageni aliishi siku kumi na tisa zaidi. Wema alisema baadaye kwamba siku hizo alilala usingizi wa kweli, akala uji, akamchorea Blessing ramani ya njia ya kwenda Kishapu kwa bibi yake. Alikufa saa nane mchana, jua likiwa kali, karasha zikinguruma ng'ambo ya bonde. Wanaume wa duara lake la zamani walimbeba, Mwita akiwa mbele, na Eufrasia alisimama nyuma kabisa pamoja na wanawake wa kanisani ambao hawakumjua.

Wiki moja baada ya matanga, Wema alifika kituoni. Mofini iliyobaki lazima irudishwe, ipimwe na kuandikwa, na alikuwa ameambiwa hivyo. Eufrasia alimimina kilichobaki kwenye kikombe cha kupimia. Kilikuwa sawasawa na kilivyopaswa kuwa. Alimwita Noela akawa shahidi, wakaandika, wakasaini, na Wema akasaini chini yao kwa herufi za shule ya msingi. Noela alitoka.

"Nakwenda Songwa," Wema alisema. "Mama yangu bado yupo. Blessing atasomea huko."

"Lini?"

"Kesho."

Eufrasia aliosha kikombe, akakipangusa, akakiweka mahali pake. Mgongo ukiwa bado umemgeukia Wema, aliuliza, "Aliwahi kusema kitu? Juu yangu?"

Wema alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya ili kumpendeza mwenzake.

"Hapana, mama," alisema. "Nilimwandikia nikamuuliza, siku ya Alhamisi kabla hajafa. Nikaandika: sista umemsamehe? Akasoma. Akasema nimletee maji ya kunywa."

"Ulimpeleka?"

"Nilimpeleka. Akanywa, akalala."

Kisha Wema alisimama, akajitanda khanga, akasema lazima awahi kufunga mizigo. Eufrasia alimsindikiza hadi barabarani, na safari hii hakuna aliyemwambia arudi. Walisimama wakisubiri pikipiki, Wema akieleza jinsi mvua zilivyokataa kule Songwa, Eufrasia akiitikia. Pikipiki ilipofika, Wema alimpa mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo kama mtu anavyomuaga mkubwa wake, akapanda.

Eufrasia alikuwa amebakiza miaka mitano kustaafu. Alirudi ndani akaendelea na kazi yake.